Batawy ya Pate au ya Batavia? Majibu kwa wasomaji kuhusu majina ya ukoo

SWALI: Asalam aleikum wahariri. Mimi ni kijana wa Malindi, mtaa wa Shela. Kitambulisho changu kina majina matatu: langu, la baba na la babu. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho wa msahafu alioacha babu mzaa baba kumeandikwa kwa mkono majina ya watoto wake na tarehe zao, na baada ya jina lake mwenyewe pana neno "al-Batawy". Shangazi asema hilo ni jina la Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu. Rafiki yangu alilitafuta kwenye intaneti akaniambia ni la Jakarta, kwamba asili yetu ni Java. Nimfuate nani? — Msomaji, Malindi

JIBU: Waleikum salaam, ndugu yetu. Mshike shangazi. Rafiki yako hakudanganya, ila amekuletea jina la watu wengine lililofanana na lenu kwa herufi.

Kiarabu hakina sauti ya p. Mwandishi wa zamani alipotaka kuandika Pate alitumia b, mji ukawa "Bata" karatasini, na mtu wa Bata kwa kanuni ya nisba, yaani jina linalotaja mji au ukoo wa mtu, akawa Batawy. Huko Java nako Waholanzi walijenga mji wao mwaka 1619 wakauita Batavia, pale ilipo Jakarta ya leo. Wenyeji wake wakaitwa Betawi, na wanazuoni wao walipojiandika kwa Kiarabu waliandika al-Batawi. Njia mbili zimefika mlango mmoja. Intaneti huona herufi tu, na Jakarta huandikwa mara nyingi mno kuliko Pate, kwa hiyo jibu la Jakarta ndilo linalotangulia kila mara.

Mtego wa namna hii si mmoja. Kuna waliosoma "al-Amawy" wakadhani ni Mwamu, kwa kuwa Lamu kwa wenyewe ni Amu. Siyo. Al-Amawy ni nisba ya Bani Umayya, na Sheikh Abdulaziz al-Amawy, kadhi mashuhuri wa Unguja katika karne ya 19, alikuwa mzaliwa wa Barawa. Masikio yasikie, lakini yasihukumu.

Sasa tuje kwenye Batawy yenu, maana hata tukisema ni ya Pate bado kuna maswali mawili ndani yake. Jina hilo laweza kuwa la mji, yaani mtu yeyote aliyetoka Pate, na laweza kuwa la ukoo, yaani wale Wabatawi ambao tarikhi ya Pate, kitabu cha habari za wafalme wa mji huo, inawataja kuwa ndio waliokuwa na mji kabla ya Wanabahani. Tarikhi hiyo inasimulia kwamba Suleiman wa Nabahani alitoka Omani, akaoa binti wa mfalme wa Kibatawi, na utawala ukahama kwa njia ya mkwe. Usiichukue miaka yake kama ilivyo. Inaweka jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 13, na wanahistoria walioilinganisha na maandishi ya Wareno wanaona Wanabahani walishika Pate karne nyingi baadaye. Nakala tulizonazo ziliandikwa upya kutokana na masimulizi, na inaelezwa kuwa kitabu chenyewe kilipotea Witu Waingereza walipoupiga mji huo mwaka 1890. Itumie tarikhi kujua nani aliitwa nani. Kwa miaka tafuta ushahidi mwingine.

Utajuaje kama ni mji au ni ukoo? Nisba ya mji huvaliwa safarini. Mtu akiwa Pate hajiiti wa Pate, kwani jirani zake wote ni wa Pate. Hujiita hivyo akishafika Lamu, Malindi, Mombasa au Unguja, ambako jina hilo linamtofautisha. Kwa hiyo angalia mwandishi alikuwa wapi alipoandika. Kama babu aliandika akiwa Malindi, neno hilo huenda linasema tu alikotoka yeye au baba yake. Ukipata hati iliyoandikwa Pate penyewe, na watu wa vizazi viwili au vitatu wakiwa wote ni Batawy, hapo una sababu ya kusema ukoo.

Dalili ya pili ni neno lililo kabla yake. Jina kamili la Kiarabu huenda kwa mpangilio: jina la mtu, bin fulani bin fulani, kisha kabila, kisha mji wa asili, pengine na mji wa makazi, na mwisho madhehebu au tarika. Mwana Kupona binti Mshamu, yule mtunzi wa utendi, anatajwa kuwa Nabhany na pia Batawy: la kwanza ni ukoo wake, la pili ni mji aliozaliwa. Mtu akiwa na yote mawili, Batawy ni mji bila shaka. Basi rudi kwenye msahafu ukasome mstari mzima. Karani asiyejua mpangilio huu hunakili neno la mwisho tu, na ukoo mzima ukajikuta unaitwa "Shafii", ambalo ni madhehebu ya karibu pwani yote.

Kuhusu kuusoma ukurasa wenyewe: uweke karibu na dirisha asubuhi au alasiri, mwanga uingie kwa ubavu, upige picha bila kuwasha taa ya kamera. Piga ukurasa mzima kwanza, kisha kila mstari peke yake. Mikono iwe mikavu na safi. Usilowanishe kidole kufungulia karatasi zilizogandana, kwa kuwa wino wa masizi na gundi huyeyuka kwa maji na herufi hufutika mbele ya macho yako. Usipitishe kalamu juu ya herufi hafifu "kuikoleza". Mtu akikoleza herufi aliyoikosea, kosa linakuwa la kudumu.

Kisha hesabu nukta. Hapo ndipo majina mengi yanapoharibika. Mwanzoni au katikati ya neno, b, t, th, n na y zina umbo moja, kijino kimoja tu, na tofauti yao ni nukta: moja chini ni b, moja juu ni n, mbili juu ni t, mbili chini ni y, tatu juu ni th. Nukta ikifutika au mdudu akitoboa karatasi mahali pale, b ya "Batawy" yasomeka n. Tafuta mahali pengine kwenye ukurasa uleule ambapo mwandishi ameandika b na n za hakika, kama "bin", ulinganishe mkono wake. Angalia pia anavyoandika p kwenye maneno ya Kiswahili. Waandishi wengine wa pwani walitumia b ya kawaida, wengine waliweka nukta tatu chini. Mpelekee maalim anayesoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Anayejua Kiarabu peke yake hukwama, kwa sababu hutafuta maana ya Kiarabu kwenye neno la Kiamu.

Tarehe zitakuwa za Hijria. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo usitoe tu tofauti moja kwa miaka yote. Zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1330 unakuwa 1,290 na ushei; ongeza 622, unapata 1912. Hesabu hii inaweza kupishana na mwaka mmoja, na hilo linatosha kwa kazi yako.

Mwisho, jaribu orodha ya mababu kwa hesabu. Kizazi kimoja cha wanaume ni miaka 25 hadi 35. Mababu 6 ni kama miaka 150 hadi 210. Mtu akikupa mababu 8 na kukwambia wa mwisho alifika mwaka 1200, ujue kuna majina yamedondoka katikati, kwa kawaida pale ambapo babu na mjukuu walikuwa na jina moja na msimuliaji akawafanya mtu mmoja. Pwani mtoto hupewa jina la babu yake mara kwa mara, na ndiyo maana kosa hili halikosi karibu kila nyumba.

SWALI: Sisi twaishi Mkomani, Lamu. Nyumba yetu watu wa mtaa huiita kwa jina la ukoo ambao si wa baba wala si wa babu zangu wa kiumeni. Wanangu wauliza kama nyumba tuliinunua au tuliipora. — Mama wa watoto wanne, Lamu

JIBU: Mama, waambie wanao watulie. Lamu jina hufuata baba, nyumba hufuata binti. Desturi ya waungwana wa Amu ilikuwa baba kumpa binti yake nyumba, au ghorofa, au sehemu ya nyumba anapoolewa, na mume akahamia kwa mkewe. Watoto wakazaliwa ndani ya nyumba ya mama wakibeba jina la baba. Binti wa pili akaolewa na mtu wa ukoo mwingine, na baada ya vizazi vitatu waliomo ndani wana jina la tatu au la nne, huku mtaa ukiendelea kuitaja nyumba kwa jina la aliyeijenga.

Kwa hiyo andika nasaba mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, baba kwa baba. Ya pili anza na wewe, mama yako, mama yake, na mama yake huyo, ukiandika kando ya kila mwanamke jina la baba yake na la mume wake. Mahali baba wa mmoja wao anapokuwa na jina lile la nyumba, umefika. Wanawake wetu hawakubadilisha jina kwa kuolewa, basi bibi yako mtafute kwenye hati kama "fulani binti fulani" kwa jina la baba yake. Ukimtafuta kwa jina la mumewe hutamwona.

Uliza pia kama nyumba iliwekwa wakfu kwa kizazi. Ikiwa ndivyo, hati ya wakfu huwataja wanaofaidika kwa majina yao na mara nyingi hutaja majirani wa pande nne: kaskazini nyumba ya fulani, kusini kichochoro, na kadhalika. Hayo majina ya majirani ni hazina kwa mtafuta nasaba, maana yanakuonyesha mtaa mzima kwa mwaka mmoja. Anzia ofisi ya kadhi hapo Lamu, kisha Kamisheni ya Wakfu iliyo Mombasa. Nenda na jina la aliyeweka wakfu. Jina lako wewe halitawafikisha popote kwenye daftari la zamani.

SWALI: Wazee wetu husema sisi ni Washirazi. Nikipima vinasaba nitapata jibu? — B., Malindi

JIBU: Utapata sehemu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki na mmoja wa bara, kati ya mwaka 1250 na 1800, wakiwemo wa Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa. Ulionyesha kuwa watu kutoka Uajemi na Waafrika walianza kuchanganyika kuanzia karibu mwaka 1000, na katika wengi waliopimwa, upande wa Asia uliingia zaidi kwa wanaume na upande wa Afrika zaidi kwa wanawake. Hadithi ya Shirazi, kwamba wazee walitoka Uajemi, iliyodharauliwa kwa miaka mingi, ina mzizi. Na mama zetu walikuwa wa hapahapa. Hilo nalo lisemwe kwa sauti ileile.

Lakini kipimo kinasema juu ya kundi la watu, hakitaji ukoo. Vinasaba vya kawaida hugawanyika nusu kwa nusu kila kizazi, na baada ya vizazi kumi babu mmoja huenda hakukuachia chochote kinachopimika. Kinachofuata njia ya jina ni kromosomu ya Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu. Ukitaka kujua kama nyumba mbili zenye jina moja la nadra zina babu mmoja, pima Y ya mwanamume mmoja kutoka kila nyumba, wale walio mbali zaidi kwa ujamaa. Kupima ndugu wawili wa baba mmoja ni kupoteza pesa.

SWALI: Jina letu ni la ukoo mkubwa wa Kiarabu, lakini wenye jina hilo mjini hawatutambui, na bibi yetu huwa hapendi kuulizwa. Sisi ni wa mashamba ya nyuma ya Malindi. — Jina limehifadhiwa

JIBU: Ndugu, tutasema wazi kwa heshima. Malindi ilifufuliwa kuwa mji wa mashamba ya nafaka kuanzia miaka ya 1860, chini ya Masultani wa Unguja, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Aliyeachwa huru mara nyingi alitajwa kwa jina la nyumba aliyotoka, na baadhi ya watoto wakabaki nalo. Pia wapo waliozaliwa na baba wa ukoo huohuo kwa mama suria, na hao kwa sheria ya Kiislamu ni watoto kamili wa baba yao, wenye jina na urithi sawa na ndugu zao. Hivyo kutotambuliwa mjini hakuthibitishi lolote kwa upande wowote.

Msimwandame bibi kwa swali la "sisi ni nani". Muulizeni shamba lilikuwa wapi, nani alikuwa jirani, nani aliwaozesha, nani aliwaosha maiti wao, na watoto walisomeshwa chuo cha Kurani na nani. Mzee anayekataa swali la nasaba hujibu la shamba, na majina hutoka yenyewe. Andikeni jinsi anavyoyatamka, bila kuyasahihisha. Jina mlilolibeba vizazi vinne ni lenu.

SWALI: Natafuta babu yangu kwenye matoleo ya zamani ya Gazeti Rasmi la serikali, sehemu ya matangazo ya mirathi, simpati. Jina ni an-Nabhany. — Mwalimu, Lamu

JIBU: Mwalimu, mtafute mara sita. "Al" hubadilika sauti mbele ya herufi 14 za jua, n ikiwa mojawapo, kwa hiyo karani mmoja aliandika Al-Nabhany, mwingine An-Nabhany, mwingine Annabhany kwa neno moja. Jaribu pia Nabahani bila "al", Nabhani kwa i, na Nabahan bila herufi ya mwisho. Kwenye faharasa hayo yamelala chini ya A na N. Majina ya Kihadhrami yanayoanza na "Ba" yana ugonjwa huohuo: Bawazir, Ba Wazir, Wazir. Kama hakuna, tafuta kwa jina la baba yake, kwani makarani wengi walichukua hilo kuwa ndilo la ukoo. Upande wa ardhi, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ukanda wa pwani wayawasilishe, na faili za madai hayo huwataja wazazi na mipaka ya viwanja.

SWALI: Nataka jina la ukoo lirudi kwenye kitambulisho changu na cha mwanangu wa mwaka mmoja. Nianzie wapi? — Msomaji wa kike, Malindi

JIBU: Dada, anza na mtoto, kwa kuwa saa yake inakwenda. Sheria ya uandikishaji wa vizazi na vifo inamruhusu mzazi kuandikisha badiliko la jina la mtoto ndani ya miaka 2 tangu kuandikishwa kuzaliwa kwake. Ukipitwa, utafuata njia ya watu wazima, iliyo ndefu na ya gharama. Nenda ofisi ya msajili na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi wote wawili.

Kwa upande wako, wakili atakuandalia hati ya kubadili jina (deed poll). Husainiwa, husajiliwa kwa msajili wa hati, hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, ndipo unapokwenda nayo kubadilisha kitambulisho. Kabla ya kusaini, kaeni ndugu wote mkubaliane tahajia moja, herufi kwa herufi, pamoja na kama mtaweka "Al", kistari, na y au i mwishoni. Ndugu watatu wakirudi na Batawy, Al-Batawi na Elbatawi, siku ya mirathi kila mmoja atahitaji kiapo cha kuthibitisha kuwa ni mtoto wa baba yuleyule.

Na usiondoe jina la babu ili kupisha la ukoo. Weka yote manne. Cheti chako cha shule, hati ya ndoa na pasipoti vina yale matatu ya zamani, na ukiyaacha yabaki kwa mpangilio uleule huku la ukoo likiongezwa mwishoni, karani ataona mara moja kuwa ni mtu yuleyule. Nakala za hati hiyo ya kubadili jina toa tano zilizothibitishwa, maana ofisi nyingine hubaki nayo: moja ya kitambulisho, moja ya benki, moja ya pasipoti, moja ya ardhi kama una kiwanja, na ya tano weka ndani ya msahafu, kwenye ukurasa uleule wa mwisho.